Chungu cha Mama na Mtoto: Historia ya Mlo wa Nyumbani katika Migori na Homa Bay

Kaunti za Migori na Homa Bay ziko katika pembe ya kusini-magharibi mwa Kenya, kati ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria na mpaka wa Tanzania. Kabla ya kugawanywa katika miaka ya 1990 zilikuwa wilaya moja, South Nyanza, na makao yake makuu yalikuwa mjini Homa Bay. Wakazi wake wengi ni Wajaluo. Wasuba wako katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na kwenye vilima vya Gwassi, na Wakuria wako upande wa Kehancha na Isebania. Lugha zao ni tofauti, lakini jiko lao lilifuata utaratibu unaofanana: kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala lake na mafiga yake, na hapo ndipo alipopika chakula chake na cha watoto wake wadogo. Mlo wa mtu mzima mmoja na mtoto mdogo, ambao leo watu wengi huuhusisha na chumba cha kupanga mjini, ulikuwa msingi wa jiko la eneo hili tangu zamani.

Katika miaka 120 iliyopita, nafaka inayojaza sahani hiyo imebadilika. Mtama na wimbi vilipisha mahindi, na mihogo ikaingia kuziba mapengo ya njaa. Afya ya mtoto, hata hivyo, haikutegemea nafaka peke yake. Ilitegemea zaidi kile kilichowekwa kando ya ugali: samaki, mboga za majani, maziwa, kunde na karanga. Vitoweo hivyo vilipokuwa vingi na mama akawa na usemi juu yake, mtoto alinawiri. Vilipopungua, au vilipoangukia mikononi mwa wengine, mtoto alidhoofika ingawa ugali ulikuwepo.

Nyumba ya mama

Katika boma la Kijaluo, mke wa kwanza aliitwa mikayi, wa pili nyachira na wa tatu reru. Kila mmoja alilima mashamba aliyogawiwa na kuhifadhi mavuno yake katika ghala lake, dero. Mume hakula nyumbani kwa wake zake kila siku. Wanaume na wavulana wakubwa walikutana katika duol, kibanda cha mwenye boma, na kila mke alipeleka huko sahani yake. Chakula kilichobaki nyumbani kililiwa na mama, mabinti na watoto wadogo. Mabinti walipokua kidogo walihamia siwindhe, nyumba ya bibi, ambako walilala, wakasikiliza hadithi na kujifunza kazi za nyumba, upishi ukiwa miongoni mwazo.

Ugawaji huo haukuwa sawa. Nyama nzuri ilielekea duol, na katika koo nyingi wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Vyakula viwili bora vya kumjenga mtoto viliondolewa hivyo katika sahani ya mama, na mara nyingi katika sahani ya mtoto aliyekula naye. Lakini mama alikuwa na nguvu katika mambo mengine. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwake. Yeye ndiye aliyeamua kiasi cha mtama wa kusaga leo, kiasi cha kuweka mbegu, na kiasi cha kubakiza kwa miezi migumu ya Aprili hadi Juni, wakati ghala linakaribia kuisha na shamba halijaiva. Mboga za majani zilikuwa zake kabisa, kwa kuwa alizichuma mwenyewe shambani na kando ya njia.

Mtama, wimbi na vitoweo

Nafaka kuu zilikuwa mtama na wimbi. Zilisagwa kwa jiwe juu ya jiwe, kazi iliyoanza alfajiri na kuwachosha wanawake mikono na magoti. Unga wake ulipikwa kuwa ugali, kuon kwa Dholuo, au uji, nyuka. Unga huo ulikuwa mzima, pumba za nje na kiini vikiwa humohumo, na wimbi hasa lina madini mengi ya chokaa. Kwa Wakuria, walioko mbali kidogo na ziwa na waliokuwa na ng'ombe wengi, wimbi na maziwa ndivyo vilivyokuwa nguzo ya mlo.

Uji wa mtoto ulichachushwa mara nyingi. Unga ulilowekwa kwa siku moja au mbili hadi ukawa na uchachu, au uji ulitiwa ukwaju. Uchachu huo ulifanya kazi kubwa kuliko kuleta ladha: asidi yake huzuia vijidudu vingi vya kuharisha, na kuchacha huufanya mwili upate madini ya nafaka kwa urahisi zaidi. Wanawake walijua pia kuotesha nafaka na kuianika ili kupata kimea, ingawa sehemu kubwa ya kimea hicho ilikuwa ya pombe. Kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito huulainisha, kwa sababu nafaka iliyoota ina vimeng'enya vinavyovunja wanga. Hilo lina maana kubwa kwa mtoto wa miezi minane. Tumbo lake ni dogo: uji mwepesi humjaza maji tu, na mzito sana humshinda kumeza.

Kando ya ugali zilikuja mboga. Dek, ambayo ni mgagani, na osuga, yaani mnavu, ni chungu. Zilichanganywa zenyewe kwa zenyewe, zikachemshwa, kisha zikatiwa maziwa na kuachwa zipate ladha. Chungu kimoja kiliweza kupashwa moto na kuongezwa maziwa kwa siku kadhaa. Apoth, yaani mrenda, ilipikwa kwa magadi ili ilainike na kuteleza, na mara nyingi ilichanganywa na majani ya kunde, boo, au mitoo. Mchicha na majani ya malenge yalifuata msimu. Ziwa dogo la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay lina maji ya magadi, na magadi hayo yalijulikana na wapishi wa nchi ile. Simsim na karanga ziliongeza mafuta. Maziwa yalinywewa mabichi au yakiwa yameganda, na siagi yake ilifanywa samli.

Kwa wakazi wa pwani ya ziwa, samaki alikuwa kitoweo cha karibu kila siku. Ngege alipendwa kuliko wote. Palikuwa na ningu aliyepanda mitoni wakati wa mvua, kamongo na mumi wa kwenye matope na matete, na fulu, samaki wadogo wa aina nyingi waliokaangwa au kukaushwa. Ngege aliyepasuliwa na kukaushwa juani alihifadhika kwa wiki kadhaa na kusafiri hadi masoko ya bara, ambako alibadilishwa na nafaka.

Mtoto alinyonya kwa miaka miwili na zaidi. Chakula chake cha kwanza kilikuwa uji, kisha mchuzi wa samaki, kisha tonge laini la ugali lililochovywa katika mchuzi au mrenda, na mama alimtolea miiba kwa vidole. Hakupikiwa chungu chake. Alikula kutoka katika chungu cha mama, kikiwa kimelainishwa kwa ajili yake. Hatari ilikuja mama aliposhika mimba nyingine mapema na mtoto akaachishwa ziwa kwa ghafla. Mtoto aliyekonda au kuvimba miguu mara nyingi alisemekana ana chira, maradhi yanayoletwa na kuvunja miiko, na tiba ikatafutwa katika kurekebisha mwiko. Upungufu wa chakula ulibaki umefichika nyuma ya maelezo hayo kwa muda mrefu.

Kodi, vita na mahindi

Utawala wa Kiingereza uliingia mwanzoni mwa karne ya 20. Kituo chake cha kwanza upande huu kilikuwa Karungu, kando ya ziwa, kisha kikahamishiwa Kisii mwaka 1907. Mwaka 1906 Arthur Carscallen wa Kanisa la Waadventista wa Sabato alifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Mafundisho ya kanisa hilo yaligusa sufuria moja kwa moja. Waumini waliacha pombe, na wengi wakaacha samaki wasio na magamba kama mumi. Kwa upande mwingine, shule na zahanati za misheni zililegeza pole pole mwiko wa wanawake na mayai, na kuku akaanza kuliwa na nyumba nzima.

Kodi ya nyumba ilidai pesa, na pesa ilipatikana kwa mshahara. Wanaume walikwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwenye reli, Nairobi na Mombasa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya wanaume wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Vita vikaisha kwa ukame na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 na 1919. Tangu hapo nyumba nyingi zikawa na mtu mzima mmoja kwa sehemu kubwa ya mwaka: mama alilima, akasaga, akateka maji, akatafuta kuni na kupika peke yake. Sahani ya duol haikuhitajika tena kila siku, lakini na mikono ya kufyeka na kulima shamba ilipungua.

Hapo ndipo mahindi yaliposhika nafasi. Yalikuwepo katika eneo hili kabla ya Wazungu, lakini serikali ilisambaza mbegu nyeupe na waajiri waliwalipa vibarua posho ya unga wa mahindi, hivyo wanaume wakarudi nyumbani wakiwa wameuzoea. Kwa mama aliye peke yake, mahindi yalikuwa na faida iliyo wazi. Ganda la hindi huzuia ndege, ilhali shamba la mtama huhitaji mtu wa kuwafukuza tangu asubuhi hadi jioni, na watoto waliofanya kazi hiyo sasa walikuwa shuleni. Mahindi pia hukomaa mapema na huliwa mabichi, na hivyo hufupisha miezi ya njaa. Kupura na kupepeta kwake ni kazi nyepesi kuliko kwa wimbi. Baada ya nzige wa mwaka 1931, serikali ilisisitiza mihogo, ambayo haidhuriwi na nzige kwa urahisi na huweza kukaa ardhini hadi inapohitajika. Vinu vya mashine vilipofika katika vituo vya biashara, jiwe la kusagia lilipumzishwa na wanawake wakaokoa saa nyingi.

Faida hizo zilikuwa na gharama. Mihogo ina wanga mwingi na protini kidogo sana. Mahindi meupe hayana vitamini A, na mtoto anayelishwa uji mtupu wa mahindi au mihogo baada ya kuachishwa ziwa hushiba bila kujengeka. Wakati huohuo, pamba iliyohimizwa kando ya ziwa, na migodi ya dhahabu na shaba ya Macalder, vilivuta ardhi na watu. Shuleni, mboga za kienyeji zilianza kutajwa kama magugu au chakula cha maskini. Kabichi na sukuma wiki zikachukua heshima yake, na maarifa ya kuchanganya mboga chungu na maziwa yakabaki kwa mabibi.

Ziwa linabadilika

Nyavu za uzi za kunasa samaki zilipoletwa ziwani mwaka 1905, ngege walivuliwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Kufikia mwaka 1927 na 1928, mtaalamu Michael Graham aliyetumwa kuchunguza ziwa alieleza kuwa ngege wanapungua, na akapendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Nailoni ya miaka ya 1950 iliongeza kasi ya uvuvi. Katika miaka hiyohiyo mbuta, au sangara, alipandikizwa ziwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka ghafla katika maji ya Kenya, na fulu wa aina nyingi wakatoweka.

Mbuta alileta pesa, viwanda na barabara, na minofu yake ikasafirishwa hadi Ulaya. Familia za pwani zilibakiwa na mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa baada ya minofu kuondolewa, vilivyokaangwa na kuuzwa sokoni. Ziwa lilitoa samaki wengi kuliko zamani, na bado sahani ya mtoto anayeishi hatua chache kutoka ufuoni ikapungukiwa samaki.

Omena, dagaa wadogo wa rangi ya fedha, ndio walioziba pengo. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi huanikwa kwenye fuo za Sori, Muhuru, Mbita, Sindo na Nyandiwa. Huliwa wazima pamoja na mifupa, kwa hiyo hutoa madini ya chokaa na chuma, na wakishakauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Huuzwa kwa kikombe au gorogoro, kipimo ambacho hata mwenye senti chache hukimudu. Lakini sehemu kubwa ya omena hununuliwa kutengeneza chakula cha mifugo, na bei hupanda kwa sababu hiyo. Biashara ya samaki pia ilizaa jaboya, desturi ya mvuvi kudai ngono kwa mwanamke kabla ya kumuuzia samaki. Mama aliyetafuta kitoweo na riziki alilipa kwa mwili na kwa afya yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake wa ufuo wa Nduru, kando ya ziwa hilohilo, walijipanga wamiliki mashua zao wenyewe ili waikatae desturi hiyo.

Miwa, tumbaku na mbegu mpya

Baada ya uhuru, mbegu chotara za mahindi zilizotolewa kuanzia mwaka 1964 zilisukuma mtama pembeni zaidi. Katika miaka ya 1970 tumbaku ya mkataba ilienea Migori na Kuria, na kiwanda cha sukari cha South Nyanza kilijengwa Awendo. Miwa na tumbaku vililipa karo za shule, lakini malipo mara nyingi yalipitia jina la mume, wakati kazi ya kupalilia na kukausha majani ilimwangukia mke. Shamba la mboga na karanga lilisogezwa pembezoni. Ghala la mama, ambalo kwa vizazi lilimpa usemi juu ya chakula cha mtoto, likawa tupu katika nyumba nyingi, na pakiti ya unga kutoka dukani ikachukua nafasi yake.

Jiko la bibi

Ukimwi ulipiga eneo hili kuliko karibu sehemu nyingine zote za Kenya. Kwa miaka mingi Homa Bay iliongoza nchini, na zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano aliishi na virusi. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba zilipoteza baba na mama, na watoto wakabaki na bibi. Mtu mzima mmoja na mtoto wakawa tena ndio watu wa nyumba moja, safari hii bila mshahara na bila nguvu za kulima. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya umma mjini humo. Wagonjwa waliopata dawa walihitaji chakula ili miili ipate nguvu, na kliniki zikaanza kufundisha upishi pamoja na tiba.

Serikali ilianza mwaka 2004 mpango wa kuzipa fedha familia zinazolea yatima, na ulipopanuliwa ukafika wilaya za wakati huo za Homa Bay, Migori na Suba. Baada ya upanuzi huo malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa kila nyumba. Fedha hizo zilitiwa mkononi mwa mlezi, mara nyingi bibi, na hivyo zilimrudishia sehemu ya uamuzi aliokuwa nao mama mwenye ghala.

Bibi pia alikuwa na kitu ambacho fedha haikununua. Alijua mboga ipi ichanganywe na ipi, uji uchachushwe vipi, na dek itiwe maziwa lini. Watoto waliolelewa naye walijifunza vyakula ambavyo wazazi wao walikuwa wameanza kuviacha.

Vitoweo vyarejea

Kurejea kwa mboga za kienyeji kulisaidiwa na utafiti. Patrick Maundu na wenzake walikusanya maarifa ya mimea ya chakula ya Kenya, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango alitumia miaka mingi kuonyesha thamani ya mnavu, mgagani, mrenda na kunde kwa lishe na kwa kipato. Leo mboga hizo huuzwa sokoni na hotelini. Katikati ya miaka ya 1990, vikundi vya wanawake vya Ndhiwa na Rongo vilishirikiana na watafiti kujaribu viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A. Kabondo, ambako viazi vitamu ni zao kubwa, ni miongoni mwa sehemu zinazovilima. Kituo cha utafiti wa wadudu cha Mbita kilieneza mbinu ya kupanda desmodiamu kati ya mahindi na majani ya napia pembeni. Mbinu hiyo hupunguza viwavi na kiduha, na hutoa malisho ya ng'ombe wa maziwa. Tangu mwaka 2012 unga wa mahindi wa viwandani lazima uongezwe vitamini na madini, na katikati ya miaka hiyo ya 2010 ufugaji wa samaki katika vizimba ulianza kurudisha ngege sokoni.

Mlo rahisi wa mama na mtoto unavyopikwa sasa unaonyesha tabaka zote za historia hiyo. Omena huoshwa kwa maji moto, hukaangwa kidogo kwa mafuta, kisha hutiwa kitunguu na nyanya. Mboga mbili za kienyeji huchemshwa pamoja na kumaliziwa kwa maziwa au karanga zilizosagwa. Ugali husongwa kwa unga wa kisiagi, mara nyingi mahindi yaliyochanganywa na mtama, wimbi au mihogo. Sehemu ya mtoto hutolewa katika vyungu hivyohivyo: omena wake husagwa, mboga yake hukatwa ndogo na ugali wake hulainishwa kwa mchuzi. Asubuhi hupewa uji wa wimbi uliotiwa maziwa au unga wa omena.

Miongozo ya kimataifa ya lishe hupendekeza mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku vyakula vya angalau makundi matano kati ya manane, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo. Mlo wa kale wa pwani ya ziwa, wenye ziwa la mama, uji wa wimbi, maziwa ya ng'ombe, samaki na mboga za majani, ulitimiza makundi matano, na kunde au karanga ziliongeza la sita. Yai, ambalo mwiko ulilizuia, sasa linaweza kuwa la saba. Maarifa ya kumlisha mtoto vizuri yamekuwepo Migori na Homa Bay kwa muda mrefu. Kilichopungua, kizazi baada ya kizazi, ni ardhi, muda, samaki na usemi wa mwanamke anayepika, na hali ya mtoto huboreka pale vinaporudishwa mikononi mwake.